Tuwafungie Vijana Ukumbi, au Tuendelee Kubeba Lawama?

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni katibu wa kamati inayosimamia ukumbi wa mtaa wetu hapa Manispaa ya Morogoro. Ukumbi huu ulijengwa kwa nguvu za wananchi na hauna mwajiriwa hata mmoja. Wajumbe tulikuwa saba, wote wa kujitolea: watatu ni wastaafu, wawili ni akina mama wenye biashara sokoni, mmoja ni mwalimu, na mimi ni fundi cherehani. Funguo anazitunza mzee wetu mmoja anayekaa nyumba ya pili kutoka ukumbini, ambaye kwa umri wake hastahili tena kugongewa mlango usiku. Fedha za kuendeshea jengo hutokana na harusi, vikao vya harusi, semina na mikutano ya vikoba.

Tangu mwaka jana vijana wa mtaa, wengi wao wenye umri wa kati ya miaka 15 na 22, wamekuwa wakiomba ukumbi kwa ajili ya maonyesho ya muziki. Wapo wanaoimba bongo fleva, wapo wanaochana, wapo wa singeli, na lipo kundi la mabinti wanaocheza ngoma za asili kwa ustadi ambao sikuutarajia. Maonyesho mawili ya mwanzo yalikwenda salama. La tatu ndilo lililotuletea balaa.

Vijana walitaka kumleta msanii kutoka Dar es Salaam ili jina la onyesho likue, nasi tukakubali. Msanii alidai shilingi 900,000, kukodi muziki 350,000, jenereta 80,000, mabaunsa 120,000 na gari la matangazo 50,000. Kiingilio kilikuwa 3,000. Tulipanga kuanza saa kumi na mbili jioni na kumaliza saa nne usiku, lakini msanii mwenyewe aliingia saa nne na nusu. Kabla hajapanda jukwaani umeme wa LUKU ulikwisha, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kununua, na jenereta lilichukua muda kuwaka. Waliokuwa nje, walipoona giza na kusikia kelele, wakausukuma mlango wa mbele. Mlango wa nyuma haukutumika kwa sababu tulikuwa tumerundika pale viti vya harusi ili kupata nafasi. Ukumbi wetu unachukua watu 250 walioketi. Binti mmoja aliteguka mkono, viti vikavunjika, na kioo cha dirisha kikapasuka. Muziki ulizimwa saa saba usiku.

Tangu siku hiyo sina raha. Jirani wa ukuta kwa ukuta anamuuguza mama yake mwenye kiharusi, na alikuja kwangu akilia. Imamu wa msikiti wa jirani alinizungumzisha kwa upole, jambo lililoniumiza kuliko kama angenigombeza. Fedha za mlangoni zilikuwa 780,000 tu, ingawa kila aliyekuwepo anaamini watu walifika 400, na sasa watu wananong'ona kwamba kuna waliokula. Mwenye muziki ananipigia simu kila siku. Wajumbe wawili wamejiuzulu, mmoja aliniambia, "Nilijitolea kutunza jengo, sikujitolea kuwa baunsa." Vijana nao wananuna, wakisema tunawachukia, kwa sababu harusi hupiga muziki hadi usiku wa manane na hakuna anayesema neno.

Mwishoni mwa mwezi kuna mkutano wa mtaa, na ajenda mojawapo ni kupiga marufuku muziki wa vijana katika ukumbi. Je, niunge mkono ili tupumzike? Kama si hivyo, nani atafanya kazi hii, na nani atalipa uharibifu?

Katibu, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu Katibu.

Nimeisoma barua yako yote, lakini nimerudi mara nyingi zaidi kwenye ile bajeti, kwa maana ndiko matatizo yako mengine yote yalikoanzia. Jumlisha gharama zenu na utapata shilingi 1,500,000. Zigawe kwa kiingilio cha 3,000, na utaona kwamba mlihitaji watu 500 waliolipa ili msipate hasara, nanyi mnao ukumbi ambao wewe mwenyewe unasema unachukua 250. Kwa hiyo, kabla ya mtu wa kwanza kufika mlangoni, kamati ilikuwa imeshapanga msongamano bila kujua. Vijana hawakuuvamia ukumbi. Mliwahitaji wajae kupita kiasi, na walipojaa mkashtuka. Hata saa mliyomalizia ilitokana na bajeti hiyo hiyo, kwa sababu ukishamlipa mtu 900,000 huwezi kuzima muziki kabla hajaimba, hata kama amefika usiku.

Najua utanijibu kwamba watu waliosimama huchukua nafasi ndogo kuliko waliokaa kwenye viti vya harusi. Ni kweli kwa upande wa sakafu. Lakini idadi ya watu wanaoweza kuwa salama ndani ya jengo haipimwi kwa sakafu peke yake, hupimwa pia kwa milango wanayoweza kutokea wote kwa pamoja pindi kukitokea jambo. Kumbi nyingi za mitaa yetu zina madirisha yenye nondo, kwa sababu tulipojenga tulikuwa tunawafikiria wezi. Dirisha la nondo si njia ya kutokea. Ukishaziba mlango wa nyuma kwa viti, ukumbi wenu wote unabaki na upenyo mmoja, na kwenye upenyo huo huo ndipo walipokuwa wakisukumana walio nje wakitaka kuingia. Kwamba mliishia kwenye mkono wa binti mmoja ulioteguka ni bahati kubwa, naomba uamini hivyo.

Nalisema hili kwa ukali kwa sababu nchi yetu imeshalipia somo hili. Siku ya Idd el Fitr, tarehe 1 Oktoba 2008, watoto wapatao 20 walipoteza maisha katika disko toto kwenye ukumbi mmoja mjini Tabora, kwa kukosa hewa na kukanyagana katika jengo lililojazwa kuliko uwezo wake. Ndiyo sababu hadi leo, sikukuu zinapokaribia, huwasikia makamanda wa polisi wa mikoa wakitangaza kwamba disko toto ni marufuku. Wengi huchukulia tangazo hilo kama mazoea ya kila mwaka. Wewe usilichukulie hivyo, na usiruhusu onyesho lolote la vijana siku za Idd, Krismasi au mwaka mpya, hata kama mkutano wa mtaa utawakubalia kwa siku nyingine zote.

Sasa nikujibu swali lako la kwanza. Hapana, usiunge mkono marufuku. Vijana wa miaka 15 hadi 22 hawataacha muziki kwa kuwa mkutano wa mtaa umenyoosha mikono. Watahamia barabarani, kwenye vigodoro, zile ngoma za mtaani zinazokesha, ambako hakuna kamati, hakuna choo, na hakuna mtu mzima wa kumuuliza binti amekuja na nani. Lakini pia usiwatetee kwa kuahidi kwamba mara nyingine mtakuwa waangalifu zaidi, kwa sababu ahadi ya namna hiyo haimsaidii jirani mwenye mgonjwa. Ushauri wangu ni kwamba mpunguze ukubwa wa onyesho hadi litoshe ndani ya jengo mlilonalo na nguvu za watu mlionao. Msanii mkubwa aondoke kwenye mpango kabisa. Onyesho liwe la vijana wa mtaa wenyewe, mchana, mara moja kwa mwezi, na idadi ya watu ijulikane kabla ya siku yenyewe.

Hebu tuiandike upya bajeti. Kodini muziki mdogo, spika mbili na mikisa ya kurekebishia sauti, ambao ukipatana vizuri na fundi wa jirani utaupata kwa takriban 80,000. Tengeni 25,000 kwa nauli na maji ya wasanii, 10,000 za LUKU zinazonunuliwa siku moja kabla na risiti yake kuonyeshwa kwa mwenyekiti, 10,000 za usafi, na 25,000 zinazokwenda moja kwa moja kwenye akiba ya matengenezo, iwe kitu kimevunjika au hakikuvunjika. Jumla ni 150,000. Kwa kiingilio cha 1,000, watu 150 wanatosha kulipa kila kitu, nanyi wekeni ukomo wa watu 200. Kwa mara ya kwanza hamtakuwa na haja ya kujaza ukumbi ili msalimike, na hapo mtaona jinsi ilivyo rahisi kumwambia mtu mlangoni, "Nafasi zimekwisha, karibu mwezi ujao." Aliyeingia kwenye deni hawezi kulitamka neno hilo, hata awe na mabaunsa kumi.

Ukomo wa 200 usibaki wa mdomo. Chapisheni tiketi 200 zenye namba, zikiisha zimeisha, na kila anayeingia, awe msanii, rafiki wa msanii, mpiga picha au mtoto wa mjumbe, awe na tiketi yake, hata kama ni ya bure iliyogongwa muhuri. Hapa ndipo utakapoondoa ule uvumi wa fedha. Umepokea 780,000, yaani watu 260 waliolipa, na wewe unaamini ndani walikuwa 400. Sina sababu ya kufikiri kwamba mtu ameiba. Nimekaa kwenye milango ya kumbi miaka mingi, na ninawajua wale wanaoingia kwa jina la DJ, kwa jina la MC, kwa kubeba waya mmoja wa spika watu wanne, na wale ambao baunsa ni binamu yao. Watu 140 wa aina hiyo si wengi kwa onyesho kubwa. Malipo ya simu yaingie kwenye lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la kikundi, fedha taslimu zihesabiwe na watu wawili, mmoja kijana na mmoja mjumbe wa kamati, mbele ya vishina vya tiketi, na siku inayofuata karatasi ya mapato na matumizi ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya Serikali ya Mtaa. Mnong'ono huchoka wenyewe ukikuta karatasi ukutani.

Kuhusu saa, mimi ningeanza saa nane mchana Jumapili, watu wakiwa wametoka kanisani, na kuzima muziki saa kumi na mbili kamili jioni. Adhana ya Alasiri itaangukia katikati ya onyesho, kwa hiyo ifanyeni ndiyo mapumziko: muziki unakoma, watu wanakunywa maji, na vijana wanaotaka kuswali wanakwenda kuswali. Mtamaliza kabla ya Magharibi. Mwende wewe na vijana wawili kwa imamu kumweleza ratiba hiyo kabla ya mkutano, wala msimtumie ujumbe kwa simu, kwa kuwa mtu aliyekuzungumzisha kwa upole anastahili kufuatwa alipo. Mwezi wa Ramadhani acheni maonyesho, na waulizeni pia viongozi wa makanisa kuhusu Juma Takatifu.

Saa hizo zina faida nyingine ambayo akina mama wa mtaa wataielewa haraka kuliko mtu yeyote. Binti anayetoka ukumbini saa kumi na mbili anarudi nyumbani kukiwa bado na mwanga. Anayetoka saa saba usiku anategemea bodaboda asiyemjua. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na kwa umri uliouandika, baadhi ya wateja wenu ni watoto mbele ya sheria. Kwa hiyo pombe isionekane, si ndani wala kwenye kibanda cha nje ya geti. Choo cha wasichana kiwe na taa na komeo linalofungwa kwa ndani. Na wawepo wanawake wawili watu wazima ambao kazi yao ni kuzunguka na kuangalia, wanaojulikana kwa fulana au kitambaa, ili binti mwenye shida ajue pa kwenda.

Jirani mwenye mgonjwa nimemwacha hadi hapa makusudi, kwa sababu hatatulizwa na ratiba peke yake. Kero kubwa ya aliye ukuta kwa ukuta ni mdundo wa sabufa (ile spika ya besi), ambao hupita ukutani hata milango ikiwa imefungwa, zaidi ya sauti ya mwimbaji. Jukwaa lihamishwe upande ulio mbali na nyumba yake, spika zielekee ndani ya ukumbi, na sabufa isiegemezwe kwenye ukuta wala kuwekwa kwenye kona, kwa kuwa kona huuongeza mdundo. Kisha fanyeni jaribio: siku ya katikati ya wiki, vijana wawashe muziki kwa kiwango wanachokitaka, wewe ukae chumbani kwa yule mama mgonjwa pamoja na mwanawe, na umpigie simu kijana aliye kwenye mikisa apunguze, apunguze tena, hadi mwenye nyumba aseme inatosha. Kitufe kikifika hapo, kitiwe alama ya utepe, na alama hiyo ndiyo mwisho. Jirani apewe namba ya simu ya kijana huyo, naye kijana awe na mamlaka ya kushusha sauti bila kumwomba ruhusa DJ, msanii wala mwenyekiti. Mtu mwenye uwezo wa kuupunguza muziki kwa simu moja hana haja ya kwenda kulia kwa katibu. Kumbuka pia kwamba nchi ina kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, na viwango vya usiku ni vikali kuliko vya mchana, kwa hiyo jirani huyu angeweza kwenda kwa wasimamizi wa mazingira wa serikali badala ya kuja kwako. Amekuheshimu.

Vijana wana haki katika jambo la harusi, na nakuomba ulikiri hilo waziwazi mbele ya mkutano. Kama sabufa ya singeli inamsumbua mgonjwa, sabufa ya harusi inamsumbua vilevile. Tofauti ni kwamba mwenye harusi amelipa kodi ya ukumbi na amevaa suti. Alama ya utepe na ukomo wa watu viwahusu wote, nazo harusi ziwekewe saa ya kuzima muziki. Mtapoteza wateja wachache wanaotaka kukesha, na mtalazimika kukubali hasara hiyo, kwa sababu sheria inayowabana maskini wa mtaa na kuwaachia wenye kadi za mwaliko haitaheshimiwa na kijana yeyote, na mimi singemlaumu.

Wajumbe waliojiuzulu usiwabembeleze warudi kwenye kazi ile ile. Yule aliyesema hakujitolea kuwa baunsa amekuambia ukweli, naye ni mtu wa thamani: mrudishe kwenye kutunza jengo, akague viti na vioo Ijumaa na Jumatatu, siku ya onyesho akae nyumbani kwake. Shida ya kamati nyingi za kujitolea ni kwamba watu wale wale wachache hufanya kila kitu, tangu kufungua mlango hadi kufagia, kisha wakichoka tunasema wananchi hawana moyo. Siku ya onyesho igawe kwa zamu za saa mbili mbili, na zamu nyingi wapewe vijana wenyewe. Lakini zamu bila mamlaka ni kutumikishwa tu. Waingizeni vijana wawili kwenye kamati kama wajumbe kamili, mmoja wao binti, wakiwa wametimiza miaka 18, wenye kura na wenye kusaini pamoja nanyi. Na mmoja wa walezi wa vijana hao awe shahidi kwenye makubaliano. Kijana aliyesaini karatasi yenye ukomo wa watu 200 atamzuia rafiki yake mlangoni kwa namna ambayo wewe huwezi.

Funguo ziwe jozi mbili. Mzee wenu abaki na ya kwanza kwa heshima yake, na ya pili ishikwe na mjumbe wa zamu, ambaye atasaini daftari anapoichukua na anapoirudisha. Mjumbe huyo ndiye atakayefungua kufuli la mlango wa nyuma kabla ya tiketi ya kwanza kukatwa, na kijana mmoja asimame pale kwa ndani muda wote, kusiwe na kiti, jenereta wala kreti ya soda mbele yake. Ikiwa mlango huo unafunguka kwa kuvutwa ndani, mwiteni fundi abadili bawaba ufunguke kwa nje. Ni kazi ya siku moja, na ingekuwa matumizi yangu ya kwanza ya ile akiba ya matengenezo. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina ofisi mjini kwenu. Andikeni barua kuwaomba waje kuukagua ukumbi na kuwashauri idadi ya watu. Wakitaja idadi ndogo kuliko 200, chukueni ya kwao na mpige bajeti upya.

Vibali nitavipitia haraka, kwa maana ofisi zenyewe zitakueleza utaratibu wa sasa. Anza na Mtendaji wa Mtaa na wa Kata, kisha Afisa Utamaduni wa Manispaa, ambaye ndiye kiungo chenu na Baraza la Sanaa la Taifa, na umuulize pia kuhusu leseni ya kupiga kazi za wasanii wengine hadharani, inayotokana na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Barua kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya ipelekwe mapema, yenye saa ya kuanza, saa ya kumaliza na idadi ya watu. Barua yenye idadi huaminiwa kuliko barua yenye sifa.

Lile deni ni 720,000, na ni la kamati. Mlikubali bajeti mkiwa watu wazima, kwa hiyo msiwabebeshe vijana, ingawa wanaweza kuombwa wachangie kazi ya kurekebisha viti. Kaa na mwenye muziki, mwandikiane malipo ya kila mwezi kutoka kwenye kodi za harusi, na umlipe sehemu ya kwanza papo hapo, hata ikiwa ndogo. Mdai anayepokea kitu kwa tarehe inayojulikana huacha kupiga simu kila siku. Msifanye onyesho jingine kubwa la kulipia deni. Na msiwaahidi vijana mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 4 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa vikundi vya vijana, ili wanunue muziki wao, mpaka wawe na miezi kadhaa ya karatasi za mapato na matumizi za kuonyesha. Wakiwa nazo, wasaidie kuomba.

Kwenye mkutano, wazee watazungumzia maadili, na baadhi yao watasema singeli si muziki. Usibishane juu ya singeli. Wakumbushe kwa adabu kwamba Morogoro ni mji wa wanamuziki Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe, na kwamba muziki wa soul nao ulipigwa marufuku Dar es Salaam mwaka 1969, wakati wao wenyewe walikuwa vijana. Bila shaka wapo pia waliocheza bugi mchana kwenye kumbi za miji yetu miaka ya 1970 na kurudi nyumbani kabla ya giza. Waulize walikuwa wakianza saa ngapi. Ukipata jibu kutoka kwa mzee mwenyewe, ratiba yako itakuwa imetetewa na mtu mwenye mvi, na wewe utaketi.

Usiombe kibali cha kudumu. Omba miezi mitatu ya majaribio, onyesho moja kila mwezi, na masharti yote yawe kwenye ukurasa mmoja uliosainiwa na kamati, vijana na Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa: watu 200, saa kumi na mbili jioni, alama ya utepe, mlango wa nyuma wazi, bila pombe. Sharti moja likivunjwa kwa makusudi, onyesho la mwezi unaofuata halifanyiki, na vijana wajue hivyo tangu mwanzo. Mkutano ukikataa hata majaribio hayo, pendekeza vijana waruhusiwe kufanya mazoezi ukumbini siku za kazi mchana, bila watazamaji na bila sabufa, na sababu za kukataa ziandikwe kwenye muhtasari, ili mkirudi na ombi miezi mitatu baadaye mjue ni hoja ipi hasa mnayotakiwa kuijibu.

Mama Mshauri